Siku Niliyoyala Maonyesho ya Somoe

Jamani, ngojeni niwaambie mwenyewe kabla hamjayasikia kwa watu wa mtaa wa Rahaleo hapa Mtwara, maana kule wanayatia chumvi kila siku: ni kweli, mimi ndiye yule mama aliyekula maonyesho. Si kwamba nilikula nikiwa kwenye maonyesho, hapana, niliyala maonyesho yenyewe, nikayatafuna, na mengine nikayafunga kwenye kanga. Mpaka leo nikipita Ufukoni navuta mtandio hadi puani.

Somoe ni mtoto wa marehemu dada yangu, kwa hiyo mimi ni mama yake mdogo, na tangu dada afariki hana mama mwingine. Aliacha ualimu akawa msanii, na wala si wa kuchora picha za kutundika ukutani, ni ile sanaa ya siku hizi, mtu anachukua ndoo na nyavu anazipanga chumbani, halafu watu wanazizunguka wanatikisa vichwa. Baba yake alinuna. Mimi sikuelewa kitu ila nilinyamaza. Basi akapata ukumbi kule Ufukoni aonyeshe kazi yake, akaja nyumbani kuniambia, "Mama mdogo, kuna mgeni anatoka Dar, akiipenda ataichukua ikaonyeshwe huko. Nikiikosa hii, baba atanirudisha darasani. Wewe njoo tu, nikuone umekaa."

Nikaenda, lakini nilichelewa kwa sababu ya hina (nilitaka nipendeze, mama wa msanii!), na bodaboda iliponishusha nikakuta watu wote wako nje, mbele ya ukumbi, chini ya turubai, hotuba zinaendelea, na Somoe amesimama pembeni ya mgeni wake anajipangusa jasho. Nikaona haya kukatiza mbele za watu, nikazunguka nikaingia kwa mlango wa nyuma. Ningekubali tu kutazamwa vibaya kidogo pale mbele, leo nisingekuwa na haya ya kusimulia.

Ukumbini hakuna mtu. Katikati umetandikwa mkeka, kandambili za bluu ziko pembeni, na juu ya mkeka kuna rundo la korosho zilizochomwa, baadhi zimebanguliwa ziko kwenye sinia, nyingi bado ziko kwenye maganda, na jiwe na kijiti cha kugongea vimeachwa hapo hapo. Moyo ukanipasuka. Nikajisemea, Mungu wangu, mtoto yatima huyu, hana mtu wa kumsimamia jikoni, wanawake aliowaweka wamekimbilia hotuba na korosho za wageni hazijaisha! Mgeni afike Mtwara aondoke hajala korosho, si tutatangazwa? Kulikuwa na kamba imezungushwa, nikaining'inizia mkoba wangu. Kulikuwa na karatasi ukutani, lakini miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nikavua viatu, nikaketi, nikaanza kubangua.

Na mimi kubangua naweza. Ko, ko, ko, mwangwi unarudi ukumbi mzima. Akaingia jirani yangu Mama Neema, mume wake yuko bandarini, alikuwa anatafuta maji ya kunywa, akashangaa, "Jirani, una uhakika hizi ni za kubangua?"

"Za kutazama zitakuwa? Hebu kaa hapo unisaidie, wageni wanaingia sasa hivi."

Akavua viatu akaketi. Tukabangua huku tunaonja (nikamwambia, mbona hizi zimelala, hazina ule utamu wa korosho mpya), na nyingine nikazifunga kwenye pindo la kanga, za wajukuu. Hata hilo nawaambia, nikificha mtaambiwa na Mama Neema. Tulipomaliza rundo lote, mlango wa mbele ukafunguliwa, nikainuka na sinia langu, vidole vyeusi tii, nikawapokea, "Karibuni, karibuni wageni wetu! Korosho hizo!"

Wakapiga makofi! Mgeni wa Dar alifurahi kweli, akamwambia mwenzake kwamba hii ndiyo sanaa inayotoka kwa watu na kurudi kwa watu, akachota, na waliomfuata wakachota, sinia likawa jeupe. Nami nikajishika kiuno, najiona nimemwokoa mwanangu. Kisha yule mgeni, mashavu yamejaa, akasogea ukutani akaisoma ile karatasi kwa sauti ili wote tusikie.

"Kazi Aliyoiacha Mama. Korosho hizi ndizo marehemu mama yangu alizokuwa akibangua alipoanguka. Mkeka, kandambili na rundo vipo kama alivyoviacha. Hakuna aliyezigusa tangu siku ile."

Akaacha kutafuna. Wote waliacha. Mama mmoja alitema kwenye kiganja, halafu hakujua akiweke wapi kiganja chenyewe. Mama Neema alikuwa anavaa viatu vyake taratibu, kama mtu anayetoka msikitini. Na Somoe ndiyo anaingia, wa mwisho, anatabasamu, akauona mkeka, akaniona mimi na sinia.

"Mama mdogo," akasema, wala hakupaza sauti. "Hazikubaki hata kidogo?"

Hapo ningeomba ardhi inimeze, maana zilikuwepo. Ilinibidi niweke sinia chini, nishike pindo la kanga mbele ya wageni wote, nilifungue fundo. Na fundo nilikuwa nimelikaza, vidole vinateleza masizi, nikalifungua kwa meno. Somoe akakinga mikono nikammwagia. Akatia moja mdomoni. Akaitafuna taratibu.

"Alizichoma zikapitiliza," akasema. "Kila siku nilikuwa namwambia." Akafumba kiganja, akatoka nje.

Mgeni alikuwa mstaarabu, hakunitukana. Alisema tu kwamba kazi aliyokuja kuitazama haipo tena, labda safari nyingine, akaaga. Somoe sasa anafundisha darasa la tatu.

Baadaye alinieleza alichokuwa anataka. Alisema mama yake alibangua korosho maisha yake yote na hakuna mtu aliyewahi kusimama akamtazama, sasa alitaka watu wasimame. Mimi nilipoingia sikusimama hata kidogo. Na kinachoniuma si korosho peke yake. Mkeka ule dada aliusuka mwenyewe, ulikuwa barazani kwake kule kijijini karibu na Kilambo miaka yote, na mimi mdogo wake, tumbo moja, nimeukalia na sikuujua. Ningekuwa naenda kumtazama dada yangu alipokuwa hai, badala ya kusema nitakuja mwezi ujao, ningeujua mkeka wake hata bila miwani.

Siku ya Idi Somoe alikuja kunipa mkono. Nilikuwa nimeweka korosho mezani, kama ilivyo desturi. Akaziangalia, akaniangalia, akacheka kidogo.

"Mama mdogo, hizi zinaliwa?"

Nikacheka naye, nikaingia jikoni, nikalia kwanza ndipo nikaleta chai. Tangu siku ile mahali popote nikikuta mkeka umetandikwa nasimama, nauliza ni wa nani.