Gari la Tongun na Jeneza la Mama Mzee

Kule kijijini Ludara, mtu akisema "gari" bila kuongeza neno, alimaanisha gari la Tongun. Lilikuwa dogo, la kijivu, na alilinunua alipostaafu udereva wa jeshi. Lilikuwa limebeba maharusi, wagonjwa, magunia ya mihogo, na mara moja askofu.

Sasa lilikuwa limechoka. Mkewe, Night, alimsihi aliuze lingali linatembea. Tongun hakutaka kusikia. Alijua fika kwamba injini inachemka kila mlima, ndiyo maana alisafiri na madumu matatu ya maji nyuma ya kiti. Lakini bila gari, nani angemwita tena?

Mwezi wa sita, mama mzazi wa jirani yao Santina alifia hospitalini, mjini Arua. Ndugu walitaka kukodi pikapu Koboko. Tongun akawakatalia.

"Mama yenu apande gari ya watu, na mimi niko hapa?"

Wakakubali kwa heshima. Kule Arua jeneza liliingizwa nyuma, ncha yake ikabaki nje, na mlango ukafungwa kwa kamba. Santina akakaa mbele.

Hawakufika Koboko. Saa nane mchana, katikati ya mlima, mvuke ulifuka na gari likazima. Tongun alimimina maji ya madumu yote, halikuwaka. Jua lilikuwa kali. Santina alisimama kando ya jeneza akifukuza nzi kwa kitenge chake, na hakulalamika hata kidogo. Tongun alitamani Santina amtukane.

Baada ya saa mbili lori la mkaa lilisimama. Wanaume wanne waliinua jeneza, wakaliweka juu ya magunia. Santina akapanda, akalikumbatia lisiteleze. Tongun alibaki na gari lake; lilipowaka usiku, akalirudisha nyumbani. Mazishini hakwenda.

Wiki tatu alipita njia ya nyuma ya mashamba ili asikutane na mtu. Mwishowe akatangaza kwamba analiuza gari.

Akaja kijana wa Midia, jina lake Sunday. Alilizunguka gari, akapiga magurudumu teke.

"Mzee, imewahi kukusimamisha njiani?"

"Hii? Hata siku moja."

Night alikuwa barazani akichambua maharage. Aliinua uso, akamtazama mumewe, kisha akarudisha macho kwenye ungo.

"Basi iko sawa," Sunday alisema kwa furaha. "Mama yangu iko na sukari. Kila mwezi napeleka yeye hospitali Arua."

Ufunguo ulikuwa tayari mkononi mwa Tongun. Aliufumbata.

"Ngoja, kijana. Nimekudanganya. Ilinisimamisha mlimani, na maiti ilikuwa ndani."

Sunday alimwangalia kutoka kichwani hadi miguuni. "Mzee mzima kama wewe?" Akawasha pikipiki yake, akaondoka bila kuaga.

Siku iliyofuata mafundi wa Koboko walikuja kulivuta gari ili walikongoe kwa vipuri. Tongun hakusubiri kuona. Alikata shauri kwenda kwa Santina, na safari hii alipita barabara kubwa, watu wote wakimwona.

Alimkuta Santina akipalilia karanga. Alivua kofia.

"Nilijua gari iko mgonjwa," alisema. "Nilijua kabla hatujatoka Arua. Na kuzika sikukuja."

Santina aliweka jembe chini.

"Siku ile tulichelewesha kaburi tukikungoja," akasema. "Nilisema mzee atafika, hata na boda. Wewe ulikuwa unamletea mama sukari kila Krismasi. Nilitaka na wewe utupie udongo kaburini."

Wiki zote zile Tongun alidhani wanamcheka kwa sababu ya gari.

"Njoo nikuonyeshe alipolala," Santina akasema, akatangulia.

Tongun alimfuata katikati ya karanga, kofia mkononi, asithubutu kuinua uso.