Mapazia ya Mtaa wa Mill

Enoch Tattersall alizaliwa nyuma ya duka la ushirika, na kabla sauti yake haijawa nzito alikuwa akipima sukari kwenye kaunta yake. Babu yake alikuwa mmoja wa wafumaji waliouanzisha. Kwa hiyo alipokuwa kiongozi wa chama chetu cha wafanyakazi na kututoa kazini tugome, hakumgomea tajiri. Aliwagomea majirani, maana duka ni lao.

Ushirika ndio uliouza mkate, na ndio uliozika. Mimi niliendesha gari lake la jeneza, lililokokotwa na farasi, nikagoma pamoja na wenzangu. Huku Lancashire mtu atakula mkate mkavu maisha yake yote, ilimradi azikwe kwa farasi weusi.

Mume wa Alice Ogden akafa. Alice alikuja na aproni yake kumwomba Enoch farasi, japo kwa saa moja. Enoch alimweleza kwa upole kwamba mgomo ukitoboka mahali pamoja, unavuja wote.

"Una mama, Enoch," Alice akasema. "Nawe utazika."

Ogden alikwenda kaburini kwa mkokoteni wa makaa.

Haikupita wiki, mama yake Enoch naye akafa. Nilimfuata Enoch jikoni, nikamwambia farasi wako tayari, niwafunge alfajiri, nani atajua?

"Alice atajua."

"Mama yako alikuomba azikwe kwa farasi."

"Najua alichoniomba, Wilf. Kalete mkokoteni."

Tuliusugua, lakini vumbi la makaa halitoki kwenye mbao.

Kwetu jeneza likipita, kila nyumba hufunga mapazia kwa heshima ya maiti. Hata adui hufunga. Ogden alifungiwa na mtaa mzima. Siku ya mama yake Enoch yote yalikuwa wazi, na wanawake wamesimama nyuma ya vioo kama watazamao sarakasi. Alice alitoka na ndoo, akaanza kuosha dirisha lake.

"Sukuma taratibu, ndugu Enoch," akasema bila kugeuka. "Mama asije akachafuka."

Enoch aliendelea kusukuma. Kwenye kona aliangalia nyuma mara moja. Pazia moja tu lilikuwa limefungwa: la nyumbani kwake, alilolivuta mwenyewe kabla hatujatoka.

Kesho yake kamati ya ushirika ilikubali madai yetu yote. Nilipowatoa farasi bandani, walikuwa wamenona kwa mapumziko.