Rangi ya Plagi

Mjomba wangu alinifundisha ufundi kwa kuniunguza. Nikikosea, alichomoa plagi kwenye injini iliyotoka kukimbia, akanibandika kiganjani, kisha akauliza kwa upole kama sasa nimeelewa. Karakana yake ilikuwa Same, kando ya barabara kuu: mabati manne juu ya nguzo za mkaratusi, na nyuma yake milima ya Upare imesimama karibu mno, kama watu wanaochungulia kazi ya mwenzao. Mwaka wa pili alichana kurasa za daftari langu la hadithi, akafutia kabureta. Niliyatazama maneno yangu yakiyeyuka kwenye petroli, nikaendelea kumshikia tochi.

Lakini alikuwa fundi. Kwenye jeti hakuna aliyemfikia. Jeti ni kiskrubu cha shaba chenye tundu jembamba katikati, na petroli karibu yote ya injini hupita humo. Madukani hatukupata za kila saizi, kwa hiyo mjomba alizitanua mwenyewe kwa uzi mmoja wa waya wa klachi, akiuzungusha taratibu kati ya vidole. Ukizidisha kidogo, jeti imekufa. Alifanya kazi hiyo akiwa ametazama pembeni, barabarani, na watu walisema ni mbwembwe za fundi mkubwa.

Jeti ikishafungwa, chombo hukimbizwa kwa mafuta yote, injini huzimwa ghafla, plagi huchomolewa na kusomwa. Ikiwa nyeusi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, injini ina njaa, na pistoni itaungua. Ikiwa na rangi ya kahawa, kazi imekwisha.

Mjomba alikuwa akiinusa plagi, halafu ananisogezea. "Msomi, unaonaje?"

"Nyeusi, mjomba."

"Hata mtoto angeona."

Miaka yote niliamini kwamba ananipa mtihani. Siku moja, kwa uchovu tu au kwa ubaya, sijui, plagi ilikuwa na rangi nzuri ya kahawa nami nikasema nyeusi. Aliinusa tena. Akasita. "Hata mtoto angeona," akasema, akaenda kutafuta jeti ndogo zaidi.

Nilimtazama akipapasa kwenye kopo la jeti. Haukuwa mtihani. Alikuwa akiazima macho yangu. Hakuwa na mke, hakuwa na shamba, hakuwa na kitu kingine duniani isipokuwa jina la fundi anayejua kusoma plagi, na jina hilo sasa lilikuwa mdomoni mwangu. Sikumwambia mtu. Nilikaa na siri hiyo wiki tatu, nikiinoa.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa tangawizi kutoka Mamba, juu milimani, aliyenunua pikipiki ya matairi manne, ile ya michezo. Alikuwa ameing'oa boksi la chujio la hewa na kuifunga bomba pana la moshi, na sauti yake ilikuwa kama shuka linalochanika mbingu nzima. Tuliitengenezea jeti kulekule Mamba, ambako hewa ni nyepesi na injini huridhika na petroli kidogo. Sasa alitaka kuishusha Ndungu, akashindane na wenzake kwenye barabara ya mashamba ya mpunga. Huko chini hewa ni nzito na injini hudai petroli zaidi. Jeti ya mlimani ingeiua. Jumamosi asubuhi akaileta Same tuibadilishe.

Mjomba alitanua jeti, akaifunga. Mwenye chombo akakimbiza hadi nje ya mji na kurudi, akazima. Vijana wa bodaboda walikuwa wameshajaa. Nilichomoa plagi, nikaiona: nyeupe, nyeupe kama chaki.

"Msomi, unaonaje?"

"Leo sema wewe, mjomba."

Akacheka kidogo. "Sema bwana, watu wana haraka."

"Wewe ndiye fundi."

Uso wake ulinitafuta ukanikosa. Alikuwa akizungumza na bega langu. Nadhani alielewa wakati ule. Angeweza kusema amechoka, ningeweza kumnong'oneza. Neno moja tu lilitakiwa, nami nilikuwa nalo. Aliinua plagi, akainusa, akaigeuzageuza kwenye jua kama mtu anayeona.

"Kahawa," akasema. "Safi kabisa. Nenda ukawanyoe wenzako."

Nikaichukua mkononi mwake, nikawaonyesha wote, mmoja mmoja.

"Kahawa?" kijana mmoja akapaza sauti. "Mzee, mbona hiyo maziwa matupu!"

"Mwingine alete chapati!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwenye chombo hakucheka. Alipunga mkono mbele ya macho ya mjomba, taratibu, mara mbili, na mjomba akaendelea kutabasamu kuelekea alikodhani watu wamesimama. Kicheko kikafa chenyewe. Yule bwana akaokota spana, akanipa mimi.

Nilitanua jeti ile zaidi. Safari ya pili plagi ilitoka na rangi ya kahawa, na injini iliimba vizuri kuliko nilivyowahi kuisikia. Nisidanganye: nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikahisi machozi.

Jumatatu mjomba alifika kwa kupapasa nguzo. Wateja watatu walikuwa wakinisubiri mimi. Alipita kwenye stuli yake bila kukaa, akaja mpaka niliposimama, akainamisha kichwa, mzee wa umri wa mama yangu, ndugu yake wa tumbo moja.

"Shikamoo, fundi."

Wateja wakatazama chini. Mmoja akanong'ona, "Jamani, huyu si mjomba wake?" Nilijua jibu la mtoto aliyelelewa: kumzuia, kumshika mikono, kumwomba asinilaani. Alisubiri, kichwa kimeinama.

"Marahaba," nikasema, nikaendelea kukaza nati.