Ushuhuda wa Mama

Mama alikuwa na mdomo, na hilo nalisema kwa mapenzi. Aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, mtaani Kisumu Ndogo, Nairobi, na ole wako uombe nyongeza kabla hujalipa! Miaka ya tisini saratani ya ovari ikamkuta, ikiwa tayari imesambaa tumboni. Madaktari wakampasua, wakamtundikia drip za dawa miezi mingi, nywele zikaisha zote. Mwishowe vipimo vikawa safi.

Jumapili iliyofuata tulitembea hadi kanisani kwetu, karibu na stendi ya Kawangware 46, mama akasimama mbele. "Bwana asifiwe! Nimepona!" Ngoma, vigelegele, na mimi nalia kama mjinga. Tangu siku hiyo akina mama wa kanisa, waliokuwa wakituchotea maji na kutufulia, hawakuja tena. Wangemfuata mtu aliyepona ya nini?

Kumbe daktari hakuwa amemaliza. Alitaka kumfungua tena aangalie kwa macho, kwa sababu mabaki madogo ya saratani hayaonekani kwenye picha. Alitwambia wazi kwamba kufungua huko hakuponyi, kunaonyesha tu tumefika wapi.

Nilikasirika. "Aki mama, na ule ushuhuda? Watasema huna imani!"

Alikuwa na ungo mapajani, anatoa mawe kwenye omena. Hata hakuniangalia.

"Umekula omena yangu tangu uzaliwe. Umewahi kuuma jiwe?"

"Hapana."

"Kwa sababu nachambua mara mbili. Basi niache na mimi nichambuliwe."

Akaenda, nao wakakuta mabaki. Walitoa waliyoweza, mengine yakabaki. Nilimchukia yule daktari, utadhani ni yeye aliyeyaweka humo.

Kidonda kilipofunga, mama akadai kupelekwa kanisani. Alisimama polepole, mkono tumboni. Niliogopa mpaka nikainamisha kichwa.

"Nilisema nimepona. Niliharakisha. Bado kuna mabaki, na daktari ameyaona. Lakini nipo, na nyumbani hakuna maji."

Mwanamke mmoja akacheka, akafuata mwingine, kanisa zima likacheka na kulia pamoja.

Kesho yake mlango wetu ulijaa ndoo. Walikuja hivyo mwaka mzima na zaidi, mama akiwagombeza kutoka kitandani, hadi asubuhi aliyonyamaza. Namkumbuka sana. Hata leo nikisikia ndoo ikitua mlangoni, nangoja sauti yake: "Hayo maji mbona nusu?"