Zimwi Linaomba Kufunguliwa

Mtaa mzima ulimwita Zimwi, kwa kuwa ndiye aliyetafsiri filamu za kutisha katika banda la video la shemeji yake. Alizipenda zile za zamani, zisizo na rangi: madirisha ya banda yamezibwa kwa kaniki, mvua inapiga mabati, na dubwana lililofungiwa ngomeni linanguruma kwa sauti yake yeye Zimwi, "Nifungulieni! Mimi pia ni mtu!" Watazamaji wakipiga mayowe, yeye moyo humsuuzika.

Mchana mmoja wa mvua alibaki nyuma ya pazia akikunja nyaya. Shemeji, akidhani hamna mtu, akatia kufuli kwa nje akaenda zake.

Zimwi akaugonga mlango hadi ngumi zikamuuma. "Jamani, nifungulieni!"

Waliojibanza upenuni kukwepa mvua wakaangua kicheko. "Leo Zimwi kapania!"

"Nyie vipi? Si mchezo! Mimi pia ni mtu!"

Wakampigia makofi. Mara akaisikia sauti ya mkewe akipita. Afadhali!

"Mke wangu, waambie!"

"Mwacheni," mkewe akawaambia. "Hata nyumbani hulia hivyo hivyo. Sisi tumeshazoea."