Nilimtilia mwanangu magome kwenye mtori, sasa huenda wasimpasue

Admin, naomba jina langu lisionekane, na kijiji usikitaje. Sema tu Kibosho, maana huku tunajuana mpaka ng'ombe.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne, niliishia darasa la nne, mnisamehe nikikosea kuandika. Mume wangu alishatangulia. Nina mtoto wa kiume wa miaka thelathini, fundi wa kuchomelea mageti, amerudi nyumbani kwa sababu ya saratani ya ini.

Alivyopimwa tukaambiwa ana vivimbe vitatu. Nikajua ndiyo basi. Lakini daktari alinielewesha taratibu kwamba wenye vivimbe vingi hawapasuliwi wote, wanachaguliwa. Vya mwanangu vimekaa upande mmoja wa ini na upande wa pili bado una nguvu, kwa hiyo wanaweza kukata ule mbovu akabaki na ule mzima. Akasema vipimo vya damu vikija vizuri mara ya pili, atapeleka jina lake kwenye kikao cha madaktari. Nililia kwa furaha pale pale kwenye benchi.

Kosa langu lilianzia hapo. Shangazi yake, dada wa marehemu mume wangu, alikuja na unga wa magome ya mti, akasema kisu kikigusa huo ugonjwa unasambaa, bora vivimbe vinywee kwanza. Mwanangu akakataa, akamwambia, "Shangazi, shikamoo, lakini hayo magome wape mbuzi." Shangazi akacheka, mimi sikucheka. Nilikuwa namwona alivyokonda, nikawaza, kikinywea hata kimoja si watamchagua haraka? Nikawa namtilia kijiko kwenye mtori, ile supu yetu ya ndizi, maana ndicho chakula pekee kinachompita kooni. Akawa ananitania kwamba mtori wangu siku hizi mchungu kama maneno ya shangazi. Nikamwambia ni ndizi tu.

Wiki mbili hazijaisha, macho yakawa ya njano. Tukarudi hospitali, damu ikaja vibaya. Daktari akauliza kama kuna dawa yoyote ya kienyeji anatumia. Kabla sijafungua mdomo, mwanangu akajibu:

"Daktari, mimi nakula mkononi kwa mama tu."

Daktari akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa, kwamba ni kweli, hakuna dawa. Akaandika, akasema kama ini lote limeshachoka namna hii, kukata nusu yake ni kumuua, na kikao cha Jumatatu huenda kikamwacha.

Unga niliumwaga chooni siku ile ile. Lakini madaktari wanadhani ini ni bovu lenyewe, hawajui ni mimi. Nikisema, labda watasubiri wampime tena. Ila mwanangu akijua, atakula kwa nani, na mtori ndio unaomshikilia? Nikinyamaza, namzika kwa mikono yangu mwenyewe. Leo Jumamosi yuko hapo nje anaota jua, ameniuliza mbona siku hizi simwangalii usoni. Nikasema moshi wa jikoni umeniingia machoni.

Mama zangu, dada zangu, nishikeni mkono. Nimwambie nani kwanza, daktari au mwanangu, na nianze na neno gani?