Jina la Kwao

Juzi nilikuwa Kawangware kwa fundi wa misalaba ya makaburi, kwa sababu Jumamosi tulikuwa tumzike mke wangu. Fundi, aliyerukiwa na rangi nyeupe ya kupaka hadi kwenye nyusi, aliuliza aandike nini. Nilimpa jina la ubatizo la marehemu, kisha jina langu la ukoo, na kama kawaida yangu nikamweleza lilikotoka. Lilianzia ng'ambo ya Ziwa, likavuka mto Nzoia, likaletwa Kibera na babu yangu, aliyepanga chumba mtaa wa Kambi Muru. Nilipunga mikono kama mhadhiri mbele ya ramani.

Alisubiri nimalize.

"Poa sana, mzee. Lakini msalaba si wako, ni wa mathe, mkeo. Watu wa kwao wakija kuzika wataangalia jina lao. Wanaitwaje?"

Nikamtajia.

"Nalo lilitoka wapi?"

Sikujua. Kwa miaka thelathini na moja, hakuna mgeni aliyekunywa chai kwetu bila kusikia safari ya jina langu, na nilipousahau mto, mke wangu ndiye aliyenikumbusha. La kwao sikumuuliza hata siku moja.

Nikampigia simu kaka yake. Nikamuuliza jina lao lilitoka wapi.

"Leo ndio unauliza, shemeji?"

Kisha akaanza mwanzo kabisa. Fundi alinisogezea kibao nikae, akatumbukiza brashi kwenye mkebe wa mafuta ya taa isikauke. Nilisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza shemeji, jambo ambalo mke wangu asingeliamini.